Mwaka Uliohifadhiwa na Mawe

Kibanda hujengwa kuungua. Miti michache iliyokatwa vichakani, kamba, na makuti ya kumba yaliyosukwa bila madaha, kwa kuwa aliyeyasuka anajua hayataonja mvua hata moja. Ukifika Makunduchi mapema siku ya Mwaka, kabla watu hawajajaa kiwanja cha Kae Kuu, utakikuta kimesimama peke yake majanini, kidogo kuliko jiko la uani. Hutadhani kwamba umati mzima wa kusini ya Unguja uko njiani kuja kukitazama kikiteketea.

Kabla ya moto ni vita. Wanaume wa upande wa kaskazini wa mji hukabiliana na wa upande wa kusini, mapande ya migomba mikononi, na hutandikana kweli. Husemwa kwamba zamani zilikuwa fimbo. Mgomba ulikuja kupunguza majeraha. Lakini mtu asidhani mgomba ni mchezo. Una maji mengi ndani, ukimpata mtu begani hupasuka kwa kishindo, ukamwachia uvimbe mwilini na utomvu shatini, na utomvu wa mgomba hautoki hata ufuliwe mara saba. Ndiyo maana wenye akili huja na nguo kuukuu. Aliyebeba kinyongo tangu mwaka jana, kwa sababu ya mpaka wa shamba au posa iliyokataliwa, hapa ndipo pa kukitua. Vita vikimalizika, kimekwisha. Kukirudisha nyumbani ni aibu.

Wakati huohuo wanawake wanazunguka kiwanja wakiwa wamevaa kanga zao bora na kuimba. Nyimbo hizo hazina adabu ya siku nyingine. Humtaja mume mvivu, jirani mchoyo, mpenzi aliyeahidi akatoweka, na aliyetajwa hana pa kushtaki, maana siku ya Mwaka mdomo hauna mwenyewe. Kisha mzee mmoja huingia ndani ya kile kibanda, kibanda kikatiwa moto, naye akachomoka upande wa nyuma huku watu wakipiga makelele. Macho yote huhama kutoka kwake kwenda kwenye moshi. Unaelekea wapi? Huko unakoelekea ndiko wajuzi wanakoisomea heri na shari ya miezi ijayo.

Kinachobaki ni chakula, na chakula cha siku hiyo kina sharti lake: nyumba isiyopata mgeni huhesabu kwamba mwaka wake umeanza vibaya. Mpita njia asiyemjua mtu huvutwa mkono aingie. Wali wa nazi, samaki, pweza, na swali moja lisilokwepeka: umetoka wapi?

Watu wa mjini huiita sikukuu hii Mwaka Kogwa, yaani mwaka unaokogwa, kwa sababu ya kuingia baharini kuosha uchafu na mikosi ya mwaka uliokwisha. Wenyewe hutosheka na neno moja, Mwaka. Jina lake la zamani katika pwani nzima ni Nairuzi, nalo ni neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Hapo ndipo hadithi inapopanuka kupita mpaka wa Makunduchi.

Mwislamu wa Unguja huishi na kalenda tatu, na mara nyingi hajisumbui kuzihesabu. Ya kwanza ni ya mwezi, inayomwambia lini afunge na lini ale Idi. Hii huipokonya kalenda ya jua siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ya pili ni ya miladi, ya mishahara na shule. Ya tatu ni ya Nairuzi, na hiyo ilikuwa ya kazi. Ina siku 365 tu, si zaidi. Huhesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo thelathini na sita, halafu siku tano za nyongeza. Mvuvi aliulizia mwongo kujua lini kusi itaanza kutulia. Mkulima aliulizia mwongo kujua lini afyeke na lini apande mtama. Nahodha aliulizia mwongo kujua lini atweke tanga kurudi Arabuni. Kalenda ya mwezi haikuweza kuwasaidia watu hawa, kwa kuwa Ramadhani huzunguka majira yote, na upepo haufungi Ramadhani. Ahmad ibn Majid, bingwa wa unahodha katika karne ya 15, alizitaja siku za safari za Bahari ya Hindi kwa hesabu hiyohiyo, siku ya kadha wa kadha ya Nairuzi, akijua kwamba nahodha wa bandari yoyote atamwelewa.

Kasoro yake ni ile robo ya siku. Jua huchukua siku 365 na karibu robo kuurudia mwanzo wake, na kalenda isiyo na siku ya kuongeza kila miaka minne huteleza kurudi nyuma: siku moja kwa miaka minne, siku ishirini na nne hivi kwa karne. Waajemi wenyewe walilichoka jambo hilo. Mwaka 1079, katika utawala wa Malik Shah, wanajimu, akiwamo Omar Khayyam ambaye dunia inamjua zaidi kwa mashairi, waliifunga Nairuzi ya Uajemi kwenye mwanzo wa machipuko, na huko imebaki hadi leo, mwezi Machi. Watu wa bahari hawakuwafuata. Waliendelea na hesabu yao ya zamani, wakaiacha iteleze, na ndiyo maana Nairuzi ya Tehran ni ya Machi na ya Makunduchi ni ya Julai.

Mjini Unguja walikuwapo watu wengine wenye kalenda ya namna hiyo: Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta waliokuja kutoka India katika karne ya 19 kufanya kazi za uhasibu, uhandisi na uchuuzi. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1946 na kuja kuitwa Freddie Mercury, alitoka katika jamii hiyo. Wengi wao pia hawaongezi siku, na mwaka mpya wao huangukia Julai au Agosti. Mimi hufikiri mara nyingine juu ya karani wa Kiparsi wa Shangani na mvuvi wa Makunduchi, watu wasiokutana hata dukani, kila mmoja kwao akihesabu siku zilezile za mfalme wa Uajemi aliyekwisha kufa zaidi ya miaka elfu moja.

Je, hesabu hiyo ilifikaje kusini ya Unguja? Wenyeji hujiita Washirazi na kujinasibisha na Uajemi. Wanahistoria wameshabishana juu ya nasaba hiyo hadi wakachoka, nami sina la kuwaongezea. Ninachoweza kufanya ni kumpeleka msomaji Dimbani, Kizimkazi, mwendo mfupi magharibi ya Makunduchi. Pale pana msikiti wenye bati juu, ambao kwa nje hauna la kumshangaza mtu. Ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, herufi zimesukwa na kufungwa mafundo kama kamba, na yanataja mwaka 500 wa Hijra, ambao ni 1107 miladi. Kazi yake inafanana na kazi za Siraf, bandari ya Uajemi. Kwa hiyo mkono wa fundi, au angalau mtindo wake, ulivuka bahari miaka ishirini na minane tu baada ya Uajemi kurekebisha kalenda yake. Na kama hesabu ya miongo haikukatika tangu siku hizo, Mwaka wa mwaka ule uliangukia mwishoni mwa Februari, kaskazi ikivuma, majahazi ya ng'ambo yakiwa bado bandarini. Siku ya Mwaka imesafiri kutoka kaskazi hadi katikati ya kusi bila kuondoka Makunduchi.

Lakini Nairuzi haikuwa ya Makunduchi peke yake. Mombasa na Lamu ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa, ili mji uzinguliwe. Tumbatu waliishika, Pemba waliishika. Kwa nini basi leo mtu akisema Mwaka, kila kidole kinaelekea kusini ya Unguja? Jibu langu si la kitaalamu sana: ni kwa sababu ya mawe.

Atokaye mjini kwenda Makunduchi hupita kwanza katika nchi ya kijani, minazi, miembe, mikarafuu, udongo mwekundu unaoshika viatu. Baada ya Tunguu na kuendelea nchi hubadilika. Udongo hukonda, jiwe la matumbawe hutokeza juu kama mifupa, na vichaka huchukua nafasi ya miti. Hiyo ndiyo nchi ya maweni. Mtama, mihogo na mbaazi hupandwa katika vishimo vya udongo kati ya mawe, baada ya miaka michache shamba huachwa lirudi kichaka, na mkulima huhamia pengine.

Karafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said alipohamishia ufalme wake hapa kutoka Maskati, kila mwenye uwezo aliitafuta ardhi ya udongo mwekundu. Wenyeji waliokuwa wakiitumia walisogea, au walisogezwa, kuelekea mashariki na kusini. Wakaitwa Wahadimu, jina linalotokana na neno la Kiarabu la mtumishi, na walipaswa kutoa kodi na kazi. Juu yao alibaki Mwinyi Mkuu wao, aliyepungukiwa madaraka kila mwaka. Muhammad bin Ahmed, aliyeshika cheo hicho, alijijengea kasri la Dunga kati ya 1846 na 1856, akafa mwaka 1865. Mwanawe alipofariki mwaka 1873, cheo kilizikwa naye. Siwa ya mbao ya Dunga, lile baragumu la enzi, na ngoma zake, ambazo watu waliamini kwamba hulia zenyewe mji ukikaribia kupatwa na jambo, ziliishia makumbusho.

Maweni hayakutamaniwa na mtu. Hapakuwa na shamba la karafuu la kuweka mnyapara wala nyumba ya bwana wa kuamua lipi lisherehekewe na lipi lisisherehekewe. Mambo ya mji yaliamuliwa na wazee, watu wanne kama walivyoitwa, na mambo ya ardhi na mizimu yakashikwa na wavyale. Mvyale ndiye aliyejua mzimu upi unataka ubani na shamba lipi lisifyekwe kabla ya dua, naye ndiye aliyeshika hesabu ya Mwaka. Umaskini wa ardhi ukawa ua wa mila.

Na mawe yaleyale yaliwafundisha watu kazi za mikono. Shamba likikupa chakula cha miezi saba, mitano iliyobaki lazima itoke kwenye vidole.

Anza na chokaa. Mji Mkongwe, ule ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa ni jiwe lilelile limepita motoni. Magogo hupangwa duara kubwa, mawe ya matumbawe hurundikwa juu, tanuu huwashwa na kuwaka usiku kucha hadi mawe yageuke meupe na mepesi. Kisha humwagiwa maji, yakachemka na kuporomoka unga. Wageni huzipiga picha nakshi za milango ya mjini, minyororo na samaki na maua yaliyochongwa katika msaji, na kwa haki, ni kazi kubwa; lakini ukuta uliobeba mlango huo ulitoka vichakani, kichwani mwa mtu.

Kutoka Fumba, upande wa kusini magharibi, mjini viliingia vyungu. Msichana mmoja wa huko, aliyezaliwa karibu mwaka 1880 na kupewa jina la Mtumwa, alikuwa mtoto wa mfinyanzi. Alijitwisha vyungu vya mama yake akaingia mjini kwa miguu kuviuza, akiimba njiani ili watu watoke milangoni. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na kwa jina la Siti binti Saad sauti yake ikasikika pwani nzima. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake hakuvisahau vile vyungu. Mimi huwa najiuliza kama ile pumzi ndefu iliyowashangaza watu wa taarabu haikupatikana kwenye njia ya Fumba, mzigo kichwani.

Halafu usumba. Katika pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, maji yakitoka hutoka mbali, na ufuo hubaki mtupu kwa mwendo mrefu. Wanawake waliufanya ufuo huo kiwanda. Makumbi ya nazi hufukiwa mashimoni kwenye tope la pwani, juu yake hupangwa mawe yasije yakachukuliwa na maji, na kila mwenye shimo hulijua la kwake kama ajuavyo mlango wa nyumba yake. Baada ya miezi kadhaa hufukuliwa. Harufu yake wacha tuseme si ya udi. Makumbi yaliyolainika hupondwa kwa mti juu ya jiwe hadi nyama yake itoke na nyuzi zibaki. Nyuzi huoshwa, huanikwa, kisha husokotwa viganjani, uzi juu ya uzi, hadi ziwe kamba. Kamba hiyo ilifunga boriti za nyumba, ikawamba vitanda, ikashika ngarawa kwenye nanga. Na kabla ya hapo ilishona mitepe, vyombo vya mbao vilivyounganishwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, vikienda kwa tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja uliundwa upya kwa ajili ya makumbusho na kuwekwa katika Beit al Ajaib mjini, jumba ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Lakini kazi iliyofungamana zaidi na sikukuu ni ukili. Mwanamke wa maweni akisuka ukili haangalii mikono. Anazungumza, anamkemea mtoto, anamwitikia mpita njia, na vidole vinaendelea. Kabla ya kufika hapo ameshakata ukindu au miyaa, ameianika juani hadi ukijani ukafifia, ameichana chane nyembamba kwa kucha au kisu kidogo, na nyingine amezichemsha na rangi, zambarau, kijani, nyekundu. Ukili ni utepe tu, upana wa vidole viwili au vitatu, unaokwenda urefu usio na mwisho na kukunjwa duara kama bomba la maji. Kinachoamua utakuwa nini ni mshono. Utepe ukishonwa ubavu kwa ubavu huwa mkeka. Ukizungushwa huwa kapu, au kawa la kufunikia chakula. Penye mkeka mzuri utatafuta mshono usiuone, kwa kuwa ua la ukili mmoja limekutana na la mwenziwe kana kwamba halikukatwa. Penye mkeka mbaya mshono huonekana kama kovu.

Karafuu, iliyowasukuma watu hawa maweni, haikuweza kukaa bila ya mikono yao. Karafuu mbichi lazima ianikwe, na ilianikwa juu ya majamvi, na majamvi yalisukwa. Mwezi Aprili mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikachukua uongozi. Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria, na wenye mashamba wakaanza kuwahitaji wachumaji wa kulipwa kwa pishi. Wahadimu walikwenda msimu wa vuno wakarudi makwao. Hawakukaa. Serikali ya Kiingereza iliwalaumu kwa hilo, ikaona ni uvivu. Mtu mwenye shimo lake la makumbi, mtego wake baharini, na mkeka ulioshonwa nusu, ana sababu ya kurudi.

Harold Ingrams, aliyefanya kazi ya utawala Zanzibar baada ya Vita Kuu vya kwanza, alikuwa mmoja wa maofisa waliovitembelea vijiji na kuziandika mila zao. Kitabu chake kikubwa juu ya Zanzibar kilitoka mwaka 1931. Kumsoma ni faida na ni karaha, kwani hapiti ukurasa bila ya kutafuta ushirikina, na chochote asichokielewa hukisafirisha Misri au Babeli kukitafutia wazazi. Mkono uliosuka makuti ya kibanda haumshughulishi.

Nao mkono huo haukuwa wa Mwaka tu. Ufikapo Mfungo Sita, mwezi wa mazazi ya Mtume, maulidi husomwa kutoka kijiji hadi kijiji, na kijiji kinachoalika ndicho kinachotandika. Misala na mikeka iliyokuwa imekunjwa darini hushushwa, iliyochakaa huwekwa nyuma kwa watoto, mipya mbele kwa masheikh. Barzanji husomwa, marashi hunyunyizwa, vyetezo huzungushwa na udi. Mjini, Mtendeni, kuna maulidi ya homu, ambapo wanaume hupiga magoti safu moja wakayumba pamoja kwa mahadhi ya matari, na ukiangalia kutoka pembeni utaona mgongo mmoja mrefu unaopinda kama ukili unaposukwa. Bibi harusi naye hupelekwa na mikeka. Na maiti wa Kiislamu, tajiri au maskini, hulazwa juu ya mkeka.

Hapa pana ugomvi ambao haujaisha. Wapo masheikh wanaouliza: sikukuu za Mwislamu ni mbili, hii ya tatu imetoka wapi, na moshi unawezaje kujua kesho? Hoja yao ni nyepesi kuielewa. Wenye Mwaka hujibu kwamba dua husomwa, kwamba hakuna anayeabudu moto, na kwamba mila si ibada. Kalenda ya mwezi imewahi kuwaamulia ugomvi huo kwa muda: mwaka 2013 na 2014 Julai iliingiliana na Ramadhani, na hakuna mtu mwenye akili zake atakayeandaa karamu ya mchana mwezi wa saumu. Kwa hesabu za kalenda hizo mbili, mgongano kama huo hurudi kila baada ya miaka thelathini na kitu. Babu zao waliupita, wajukuu wao wataupita.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaligawa ardhi ya udongo mwekundu, yakajenga magorofa hata Makunduchi kwenyewe, na jina la Uhadimu likaondoka katika midomo ya wakubwa. Mwaka haukuondoka. Uligeuka kidogo, ukapata jukwaa, kipaza sauti na mgeni rasmi.

Pigo la kazi za mikono halikutoka kwa siasa. Lilitoka kwa nailoni na plastiki. Kamba ya nailoni haiozi wala haihitaji miezi ya kukaa topeni. Jamvi la plastiki lenye picha ya tausi linauzwa Darajani kwa bei ambayo msukaji wa ukili hawezi kuikaribia hata akisuka usiku. Kisha mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kikaanza Paje na Jambiani. Mwani hupandwa kwenye kamba zilizofungwa vijitini, katika ufuo uleule unaokauka maji yakitoka, na kwa wanawake walewale. Fedha ikaja mkononi mwao kwa haraka kuliko ilivyowahi kuja kwa makumbi. Nyumba za mawe zikajengwa, watoto wakalipiwa shule. Mashimo ya usumba yakapungua, moja baada ya jingine, kila mwenye nalo alipozeeka. Siwezi kumlaumu hata mmoja. Aliyewahi kuponda makumbi jua la saa saba hawezi kuimba sifa zake bila kutabasamu.

Baadaye zikaja hoteli, nazo zimeleta jambo la kuchekesha. Kuezeka kwa makuti, ambako mwenye nyumba wa Jambiani alikukimbia mara tu alipopata fedha ya bati, sasa ndiko fahari ya mwenye hoteli. Makuti ya viungo yanasukwa kwa maelfu ili mgeni wa Milano alale chini ya paa ambalo mwenyeji wake amelihama. Vivyo hivyo kapu la ukili: mama anakwenda sokoni na mfuko wa kushonwa kiwandani, kapu lake liko dukani Hurumzi likingojea euro. Wasukaji wamejifunza rangi mpya, wameongeza vishikio vya ngozi, wamepunguza ukubwa ili kitu kiingie sandukuni mwa ndege. Wako wanaosikitika kwamba si kazi ya asili tena. Mimi sisikitiki sana. Ukili wenyewe ni uleule, na tanga la mtepe nalo lilikuwa bidhaa ya kuuza.

Kitu kimoja tu katika haya yote hakina mnunuzi. Makuti ya kibanda cha Kae Kuu hayana ua la rangi, hayaendi dukani, hayapimwi kwa mia. Mgeni aliyelipa gari kutoka Nungwi kuja kuyaona hawezi kuyachukua kama ukumbusho, kwa kuwa ndani ya dakika chache hayapo. Hata mgomba uliotumika vitani hutupwa ulipovunjikia, ukaliwa na mbuzi asubuhi yake.

Kulipokucha siku ya pili baada ya moto, mwaka mmoja niliokuwako, jivu lilikuwa limetawanywa na kusi hadi barazani, na mwanamke mmoja alikuwa akilifagia bila haraka. Mwanawe, kijana wa makamo ya shule, alikuwa akitazama simu. Akamwuliza mama yake, nusu kwa mzaha, leo ni mwongo wa ngapi. Mama hakusimamisha ufagio.

"Ndio kwanza kumi la kwanza," akasema. "Kamwambie baba yako shamba la Mzuri halijafyekwa."